Fundi Asiyechungulia

Kompyuta nyingi za majumbani hapa Lagangabilili zilikuwa za watu wengine kabla hazijawa zetu. Zilitumika katika ofisi za Ulaya, zikauzwa kwa jumla, zikavuka bahari, zikafutwa vumbi Kariakoo, kisha zikapanda basi hadi Bariadi na kumalizia safari kwenye buti la gari dogo au mapajani mwa mwenyewe. Ni Dell Latitude na HP EliteBook, mashine zilizoundwa kwa kazi nzito, ambazo mwalimu au muuguzi akijibana miezi kadhaa anazimudu. Aliyeziuza ameziwekea Windows ya kukraki ili zionekane zimekamilika, na kile kiprogramu cha kukrakia mara nyingi hakiji peke yake. Kwa hiyo zipo laptopu zinazoingia Wilaya ya Itilima zikiwa na mgeni ndani tangu siku ya kwanza, kabla mtoto hajaandika hata jina lake.

Nataka kumsifu mtu anayemtoa mgeni huyo. Sisemi wahandisi wa Moscow au Prague wanaoandika programu za antivairasi. Hao wana heshima yao na mishahara yao. Namsifu fundi wa hapa, kijana wa kike au wa kiume anayekaa nyuma ya meza ya steshenari karibu na ofisi za halmashauri, mashine ya kudurufu ikinguruma upande mmoja, foleni ya watu wa kulamineti vyeti upande wa pili, na mbele yake laptopu ya mtu imefunguka naye anaitazama bila kuigusa. Dakika zile za kutazama bila kugusa ndizo zilizonifanya nishike kalamu.

Kompyuta ya nyumbani ni jambo changa kwetu. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na hata marufuku hiyo ilipolegezwa, kompyuta ilibaki kwa muda mrefu kuwa kitu cha wizara, benki na vyuo. Mkoa wa Simiyu wenyewe ulizaliwa mwaka 2012, na Itilima ikamegwa kutoka Bariadi mwaka huohuo. Mafundi wa kompyuta wa wilaya hii hawakurithi kazi kwa baba wala kwa mjomba. Wamejifunza kwa kuharibikiwa, kwa video walizopakua usiku wakati bando ni nafuu, na kwa kuulizana kwenye magrupu ya WhatsApp. Ninapoona ufundi uliofikia adabu ya juu bila kuwa na wazee wa kuufundisha, naushangaa mara mbili.

Ukitaka kujua jinsi virusi vinavyosafiri huku, ifuate flashi. Mwalimu anatunga mtihani nyumbani jioni, anauweka kwenye flashi, asubuhi anaupeleka steshenari ukaprintiwe. Kompyuta ya steshenari siku hiyo imeshapokea flashi yenye muhtasari wa kikao cha kijiji, flashi ya kijana anayeomba kazi kupitia Ajira Portal, flashi ya kwaya na flashi ya mtendaji wa kata. Jioni flashi ya mwalimu inapitishwa kwenye kibanda cha muvi zilizotafsiriwa, inajazwa, inarudi nyumbani na kuchomekwa kwenye laptopu ya familia. Katika safari yote hiyo intaneti haijaguswa. Brain, kirusi cha mwanzo kabisa kuenea duniani kwenye kompyuta za aina ya IBM, kiliandikwa mwaka 1986 na ndugu wawili wa Lahore, Pakistan, Basit na Amjad Farooq Alvi, nacho kilisafiri vivyo hivyo, kwenye diski laini zilizopita mkono kwa mkono. Wenzetu wa nchi nyingine siku hizi wanapambana zaidi na viambatisho vya barua pepe. Sisi tunavyo hivyo pia, lakini mkono kwa mkono haujatuacha.

Nani asiyekijua kirusi cha shotikati? Unachomeka flashi, unakuta kila folda limepata kishale kidogo pembeni. Ukilibofya linafunguka, kwa hiyo unahisi kuna tatizo lakini kazi inaendelea. Kilichotokea ni kwamba mafolda yako halisi yamefichwa kwa kupewa alama ya mafaili ya mfumo, ile ambayo Windows haiyaonyeshi kwa mtu wa kawaida, na mahali pake pamewekwa vibonyezo vya bandia vyenye majina yaleyale. Kila unapobofya kimoja, kwanza unaendesha skripti ndogo iliyojificha ndani ya flashi, ndipo unafunguliwa folda lako usishtuke. Skripti ile inajinakili kwenye kompyuta. Tangu hapo kila flashi itakayochomekwa itatoka na vishale.

Watu wamefomati flashi zao wakiamini kila kitu kimepotea. Hakuna kilichopotea. Fundi anafungua dirisha jeusi la amri, anaandika mstari mmoja, attrib -h -r -s /s /d pamoja na herufi ya flashi, anabonyeza Enter, na mafolda yote yanajitokeza na tarehe zake. Nimewaona watu wazima wakishika kichwa kwa furaha mbele ya mstari huo. Mafundi wanauandika kwenye kurasa za mwisho za madaftari yao, na wanafunzi wao huutoa kichwani kabla hawajajua kila herufi ndani yake ina kazi gani: h inaondoa ufiche, s inaondoa alama ya mfumo, r inaondoa kizuizi cha kuandika.

Hapo ndipo fundi nusu anapopokea hela yake na kumwita mteja mwingine. Mafolda yamerudi, mteja ameridhika, lakini kirusi bado kimo ndani ya kompyuta kikisubiri flashi ijayo, na pengine kina kazi nyingine kabisa. Mwaka 2013 watafiti wa kampuni ya FireEye walieleza kirusi kimoja cha ukoo huu, kilichoandikwa kwa VBScript, wakakiita H-worm kwa jina la mtunzi aliyejiita Houdini. Kwa mwenye flashi kilikuwa kero ya vishale tu. Kwa aliyekituma kilikuwa tundu la kuchungulia: kingeweza kupokea amri kutoka mbali, kupakua programu nyingine, kuchukua mafaili na kuyapeleka anakotaka yeye. Programu nyingine ya kijasusi ya miaka ileile, njRAT, nayo hupenda kusafiri kwa flashi. Inarekodi kila herufi unayopiga kwenye kibodi na inaweza kuwasha kamera. Watu wanazoea vishale. Wanafanya kazi navyo mwaka mzima, wanafungulia humohumo akaunti ya benki na maombi ya mkopo wa mtoto wa chuo, kwa sababu kompyuta "bado inafanya kazi".

Kwa matatizo yote haya lipo jibu jepesi, nalo kila mtu analijua: piga windo. Fomati diski, weka Windows upya, lipa, nenda. Jibu hili nitalirudia, maana lina mahali pake. Lakini limefanywa dawa ya kila kitu, na anayeumia ni mwenye kompyuta. Ndani ya laptopu ya nyumbani kuna picha za msiba wa baba ambazo hazipo kokote kwingine. Kuna maandalio ya masomo ya miaka mingi, rasimu ya katiba ya kikundi cha kukopeshana, hesabu za chama cha ushirika cha wakulima, AMCOS, ambazo katibu aliomba zihifadhiwe, video ya mtoto akianza kutembea. Fundi mvivu anauliza, "Kuna vitu vya maana humo?" na mwenyewe, kwa haya au kwa kutokumbuka, anajibu, "Hapana, we piga tu." Anakumbuka baada ya wiki mbili.

Kusafisha ni kazi nyingine. Ni kuingia ndani ya mashine yenye maelfu kwa maelfu ya mafaili, kuwatambua wageni wachache wasiohusika, kuwatoa, na kuacha kila cha mwenyewe mahali pake. Wakulima wa Simiyu wanalielewa jambo hili kupitia pamba. Ukinyunyiza dawa unaua funza unayemwona. Msimu ukiisha, Bodi ya Pamba inataka masalia yang'olewe na kuchomwa, kwa kuwa wadudu wa mwaka ujao wanajihifadhi kwenye mabua yaliyoachwa shambani. Antivairasi inanyunyiza. Fundi anang'oa mabua: ule mstari ulioandikwa kwenye rejista ya Windows ili kirusi kiwake kila kompyuta inapowashwa, ile kazi iliyopangiwa ratiba ya kurudisha faili lililofutwa, kile kiongezo kilichojipachika kwenye kivinjari. Akiacha kimoja tu, baada ya siku mbili mteja yuko mlangoni tena, na anasema fundi hajui kazi.

Mtazame anavyoanza. Haanzi na kompyuta, anaanza na mtu. "Mwangaluka, Mwalimu. Ilianza lini? Kabla ya hapo uliweka nini? Watoto waliazima flashi kwa nani?" Wengine wanasita kujibu, hasa pale ambapo jibu ni tovuti waliyoifungua usiku. Fundi mzuri anatabasamu na kusema mficha uchi hazai, na hasogei hatua nyingine mpaka apate historia. Kisha anakata intaneti ili chochote kilichomo ndani kikose wa kuzungumza naye. Ndipo anafungua taski meneja na kuanza kusoma orodha ya programu zinazoendeshwa.

Hapa kuna kipaji. Windows ya kawaida ina programu iitwayo svchost, na ni halali kuikuta ikiendeshwa mara nyingi kwa wakati mmoja, kwa hiyo mtu asiyejua anaziona zote ni virusi, au anaziona zote ni nzima. Watunzi wa virusi wanaijua hali hiyo. Wengine wakatunga faili lao na kuliita scvhost, herufi mbili zimebadilishana nafasi. Wengine wanatumia jina lenyewe bila kosa, ila faili lao limekaa kwenye folda la AppData badala ya System32 linapostahili kukaa. Jicho la fundi linapita kwenye mistari themanini na kusimama palepale. Hilo hakulipata kwa kukariri majina ya virusi, maana vipya vinatoka kila siku. Alijifunza kwanza kompyuta nzima ikoje, akazitazama mashine zisizoumwa mpaka akazizoea, na sasa kilichopinda kinajionyesha chenyewe.

Chombo chake kikubwa ni kidogo kwa ukubwa na hakiuzwi. Kinaitwa Autoruns, kiliandikwa na Mark Russinovich na Bryce Cogswell, walioanzisha Sysinternals mwaka 1996, kisha Microsoft ikainunua kampuni yao mwaka 2006 na kuendelea kukitoa bure. Kinaorodhesha kila kitu kinachowaka pamoja na kompyuta: kiko wapi, nani amekitia saini. Hakikuambii kipi ni kibaya. Kinakuwekea yote mezani, halafu kinakuachia uamuzi. Fundi anazima kimoja, anawasha upya kompyuta, anasubiri, anatazama. Hafuti kitu mpaka awe na uhakika, kwa sababu faili la draiva ya printa likifutwa kwa kudhaniwa ni kirusi, mwalimu atakosa kuprinti mitihani Jumatatu. Uvumilivu huo haulipwi. Bei ya kusafisha na ya kupiga windo mara nyingi ni moja, lakini kupiga windo kunachukua saa moja, kusafisha kunaweza kula siku nzima.

Vipo virusi vinavyopigana. Brontok, kilichotoka Indonesia mwaka 2005, kilikuwa kikiona dirisha la rejista linafunguliwa kinaizima na kuiwasha upya kompyuta palepale, fundi akiwa bado ameshika mausi. Nchi hiyohiyo imetupa Smadav, antivairasi nyepesi ya kulinda flashi ambayo utaikuta kwenye mashine nyingi za steshenari Tanzania. Afrika Mashariki nayo ilipata kirusi chake cha flashi kilichojificha ndani ya faili lenye jina la Raila Odinga, na waliokuwa na kompyuta enzi zile wanakikumbuka. Dhidi ya wapiganaji wa namna hii mafundi waligundua njia ninayoipenda kuliko zote: usipigane nacho kikiwa macho. Unawasha kompyuta kwa flashi yenye Linux, mara nyingi Ubuntu, ile iliyoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Windows haijawaka, kwa hiyo kirusi cha Windows hakijawaka. Mafaili yake yote yako mbele yako, hayajafichwa, hayana namna ya kujitetea. Unaokoa nyaraka za mtu, unatoa cha kutoa, ndipo unairuhusu Windows iamke.

Na sasa niirudie kauli ya piga windo. Kuna siku ndiyo njia pekee ya haki. Sality, kilichojulikana tangu mwaka 2003, hakikai kwenye faili moja. Kinajipenyeza ndani ya kila programu kinayoikuta na kinafuta hata vifungu vya rejista vinavyoiwezesha Windows kuwaka katika hali ya usalama. Mashine iliyoliwa hivyo, fundi mwaminifu anamwambia mwenyewe: tutaokoa picha na nyaraka, programu zote ziende. Kujua mpaka wa kazi yako ni sehemu ya kazi. Namheshimu zaidi anayesema "hii siwezi kuiamini tena" baada ya kuichunguza siku nzima kuliko anayesema hivyo kabla hajavuta kiti.

Mazingira yanaongeza ugumu ambao vitabu vya kompyuta havina habari nao. Kuskani diski yote ni kazi ya saa kadhaa, na umeme ukikatika katikati, betri ya laptopu ya mtumba haifiki mwisho. Antivairasi isiyosasishwa ni kipofu, na kusasisha kunakula bando. Kwa hiyo fundi anapakua mara moja, usiku, lile faili la Microsoft liitwalo mpam-fe, na kesho analitumia kusasisha Defender ya kila mashine itakayopita mezani kwake. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa utaratibu wa kawaida, na laptopu nyingi tulizonazo zina prosesa za kabla ya kizazi cha nane cha Intel, ambazo Windows 11 inazikataa. Mashine ni nzima, kibodi ni nzima, mwenyewe hana hela ya nyingine. Nyingi zitaendelea kutumika bila viraka vipya vya usalama, na kazi ya kusafisha itaongezeka. Anayefikiri ufundi huu unakufa kwa sababu watu wamehamia kwenye simu, aje asimame kwenye foleni ya steshenari mwezi wa maombi ya mikopo.

Lakini yote niliyoyataja mpaka hapa ni ujuzi tu, na ujuzi mtunzi wa kirusi naye anao. Kinachomfanya fundi astahili sifa kiko mahali pengine.

Oktoba 2015 shirika la Privacy International la London lilichapisha ripoti kuhusu Uganda. Kwa mujibu wa nyaraka lilizozipata, baada ya uchaguzi wa mwaka 2011 ujasusi wa jeshi ulitumia programu ya FinFisher, iliyotengenezwa Ulaya, kuwafuatilia wapinzani, wanahabari na wengine, katika operesheni iliyopewa jina la Kiswahili: Fungua Macho. Serikali iliyakana madai hayo. Jambo linalonihusu hapa ni kile ambacho programu ya namna ile inakitafuta ikiingia kwenye kompyuta: maneno ya siri, barua, picha, mafaili, sauti ya chumbani, sura iliyo mbele ya kamera. Fedha nyingi hutumika, na wataalamu wengi, ili kuvipata vitu hivyo bila mwenyewe kujua.

Fundi wa Lagangabilili anakabidhiwa vyote kwa hiari, saa nne asubuhi, pamoja na nenosiri lililoandikwa kwenye kipande cha karatasi. Laptopu inalala kwake. Ndani yake kuna barua ya talaka ambayo haijatumwa, majibu ya vipimo, mishahara ya walimu, namba ya NIDA iliyoskaniwa, picha ambazo mke alimtumia mume aliyehamishiwa kituo cha mbali. Hakuna kirusi kinachopata nafasi kubwa hivyo. Fundi na jasusi wamefika chumba kimoja, wana funguo zilezile, na wanajua kuzitumia sawasawa.

Nimewatazama wale ninaowaheshimu wanavyokaa ndani ya chumba hicho. Kwanza, fundi wa namna hiyo hataki nenosiri kama si lazima; anamwomba mwenye laptopu aliandike mwenyewe, naye anageukia printa. Pili, kabla ya kunakili mafaili kwa akiba, anabadili mwonekano wa mafolda: picha ndogondogo zinaondoka, inabaki orodha ya majina na ukubwa. Ni kitendo cha sekunde moja, na sijui kama kuna kitabu kinachokifundisha. Kwa orodha anaweza kuhakiki kwamba mafaili yote yamehama, kwa idadi na kwa uzito, bila kuona uso wa mtu hata mmoja. Akilazimika kufungua faili moja kujua kama limeharibika, anamuuliza mwenyewe afungue lipi. Kazi ikiisha, anaifuta akiba ile mwenyewe akiwa anaona. Hana folda lake la "vitu vya wateja". Wapo walionalo, na mji mdogo huwa unajua. Mwanamke mmoja akimwambia mwenzake kwenye foleni ya mashine ya kusaga, fundi huyo amekwisha.

Mtihani mgumu kuliko yote unakuja pale mgeni aliyemo ndani ya kompyuta anapokuwa amewekwa na mtu wa nyumba hiyohiyo. Mama analeta laptopu, anasema inachelewa. Fundi anapitia orodha na kukuta programu ya kurekodi kibodi ambayo haikuja kwa flashi: ni ya kununua, zinauzwa wazi kwa jina la kulinda watoto au kusimamia wafanyakazi, imewekwa usiku na mtu aliyekuwa na nenosiri na nafasi ya kukaa. Antivairasi nyingine hainung'uniki hata kidogo. Kuifuta ni mibofyo miwili.

Fundi aliyeiva haibofyi. Anajua ikinyamaza ghafla, aliyeiweka atajua imegunduliwa, na atakayekuwa naye chumba kimoja usiku huo si fundi. Anasubiri steshenari ipungue watu, anamwambia mama peke yake, kwa sauti ya kawaida, nini kimo na kinaona nini. Anamshauri asibadilishe maneno ya siri kupitia mashine hiyo, atumie simu ya mtu anayemwamini. Hataji mshukiwa. Uamuzi wa kuitoa, kuiacha, au kwenda dawati la jinsia polisi anauacha kwake. Kuna watakaosema laptopu ilinunuliwa na mume, kwa hiyo fundi amevuka mpaka. Mimi nasema aliyeileta na anayeitumia ana haki ya kujua nani anamsoma. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inazungumzia kuingilia kompyuta na taarifa bila idhini, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imempa kila mtu haki juu ya taarifa zake. Lakini sheria ziko Dodoma, na TZ-CERT, kitengo cha Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) kinachotoa tahadhari za usalama wa mtandao, hakikai kwenye meza ya steshenari. Anayekaa hapo ni kijana wa miaka ishirini na kitu, na ameamua jambo zito kwa busara ambayo hakuna aliyemfundisha.

Ndiyo maana nina ombi kwa wanaofundisha kompyuta kwenye vyuo vyetu vya VETA na kwenye vile vituo vidogo vya Bariadi na Maswa. Mnawafundisha Word, Excel, kuunganisha nyaya na kupiga windo. Wafundisheni kusafisha, hatua kwa hatua, kwenye mashine zenye maradhi halisi. Na somo la kwanza kabisa liwe lile la kubadili mwonekano wa folda kuwa orodha, kabla ya attrib, kabla ya Autoruns, ili mkono uzoee hivyo ungali mchanga.

Jioni mwalimu anaifuata laptopu yake. Fundi anaiwasha mbele yake, anamwonyesha folda la picha ili alifungue yeye, anamwonyesha mafaili ya mitihani. Anampa karatasi: nini kimetolewa, maneno gani ya siri yabadilishwe leo na kupitia simu gani, Windows isasishwe lini. Mwalimu anataka kulipa zaidi ya walivyopatana, fundi anachukua walichopatana.

"Na zile flashi zilizobaki nyumbani, Mwalimu, na ya mtoto pia, nilete kesho kabla hujazichomeka popote."